Unasikia kwa Masikio ya Nani? Historia ya Sauti Inayokuzunguka Ndani ya Hedifoni

Fungua muvi kwenye kompyuta, vaa hedifoni, kisha nenda kwenye mipangilio ya sauti uwashe kile kipengele cha kuiga spika zilizokuzunguka. Rafiki yako atakwambia, "Duh, helikopta imepita nyuma yangu!" Unavaa wewe hedifoni zilezile, muvi ileile, sekunde ileile, na helikopta inapita mbele, au inabaki katikati ya kichwa. Hapo wengi wetu tunalaumu hedifoni na kuanza kujichanga tununue nyingine. Kabla hujatoa hela, hebu tupitie historia kidogo.

Tuanzie Paris, mwaka 1881, kwenye Maonyesho ya Kimataifa ya Umeme. Mhandisi Clément Ader alipanga maikrofoni za simu kwenye jukwaa la Opera, akavuta nyaya hadi ukumbi wa maonyesho. Kila msikilizaji alishika vipokezi viwili, kimoja kila sikio, na kila kipokezi kilitoka kwenye maikrofoni tofauti. Watu wakashangaa: mwimbaji akisogea kutoka kushoto kwenda kulia, waliusikia mwendo wake ilhali hawamwoni!

Kwa nini iliwezekana? Mwaka 1907 mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh alieleza kwamba ubongo hutumia vidokezo viwili. Cha kwanza ni muda: sauti ya kushoto hulifikia sikio la kushoto mapema kidogo, na tofauti kubwa kabisa ni takriban sekunde 0.0007 tu. Cha pili ni nguvu: kichwa huzuia sauti, hasa zile nyembamba, kwa hiyo sikio la mbali hupata kidogo.

Lakini hapo pana tatizo. Sauti iliyo mbele yako kabisa na iliyo nyuma yako kabisa hufika masikio yote mawili kwa wakati mmoja na kwa nguvu sawa. Mbona basi tunazitofautisha? Kazi hiyo kwa sehemu kubwa inafanywa na mikunjo ya sikio la nje. Sauti hugonga mikunjo ile na kubadilika kidogo kabla ya kuingia tunduni, na inabadilika kivingine kulingana na ilikotoka. Ubongo wako umejifunza mabadiliko hayo tangu utotoni.

Wahandisi wa Bell Labs walilikabili jambo hili kwa kutengeneza mtu wa sanamu mwenye maikrofoni karibu na masikio. Walimwita Oscar. Kwenye maonyesho makubwa ya Chicago mwaka 1933, wageni walivaa hedifoni na kusikia kile "alichokisikia" Oscar, kana kwamba wamekaa pale alipokaa.

Sasa muvi nazo? Sauti ya muvi haikutengenezwa kwa ajili ya kichwa kimoja, bali kwa spika za ukumbi. Mwaka 1992 filamu ya *Batman Returns* ilileta sinema mfumo wa kidijitali wa Dolby wa 5.1, yaani njia tatu za mbele, mbili za pembeni na nyuma, na moja ya besi. Njia sita hizo unaziingizaje kwenye masikio mawili?

Jibu lilikuwa kupima. Unaweka maikrofoni ndogo kwenye matundu ya masikio ya mtu, unapiga sauti ya majaribio kutoka kila upande, na unarekodi jinsi kichwa na masikio yake vinavyoibadilisha. Baadaye kompyuta inachukua, tuseme, sauti ya spika ya nyuma kushoto na kuibadilisha vilevile. Ubongo unadanganyika kwamba kuna spika pale. Mwaka 1989 watafiti Frederic Wightman na Doris Kistler wa Marekani walionyesha kwamba mtu akisikiliza kwa vipimo vya masikio yake mwenyewe, hutambua pande karibu sawa na anaposikiliza spika halisi.

Masikio yake mwenyewe. Shikilia maneno hayo.

Kwa sababu nani atampima kila mnunuzi? Mwaka 1994 watafiti wawili wa MIT walimpima KEMAR, mtu wa sanamu aliyeundwa kwa wastani wa vipimo vya watu wazima, kutoka pande 710. Vipimo hivyo walivitoa bure kwenye intaneti, na vikawa msingi wa kazi nyingi zilizofuata. Tatizo ni kwamba wastani wa masikio yote si sikio la mtu yeyote. Tayari mwaka 1993, utafiti ulioongozwa na Elizabeth Wenzel wa NASA ulikuwa umeonyesha kinachotokea mtu akisikiliza kwa masikio ya mwingine: kushoto na kulia anapata vizuri, ila mbele na nyuma vinamchanganya, na juu na chini pia.

Kumbe ndiyo helikopta yako! Rafiki yako ana masikio yanayokaribiana na yale yaliyopimwa. Wewe huna. Si kwamba husikii vizuri, wala si lazima hedifoni ziwe mbovu.

Tena kuna habari njema. Mwaka 1998 watafiti wa Nijmegen, Uholanzi, waliwavalisha watu wanne vipande vilivyobadilisha umbo la masikio yao. Mwanzoni walishindwa kujua kama sauti iko juu au chini. Baada ya wiki kadhaa wakajifunza upya, na vipande vilipotolewa, uwezo wao wa zamani ulikuwepo palepale. Ubongo ulikuwa umeongeza sikio jipya bila kufuta la zamani.

Kwa hiyo, leo usiku ukitaka kuangalia muvi: hakikisha faili lina sauti ya 5.1, maana sauti ya njia mbili haina spika za nyuma za kuigwa. Usiwashe kipengele hiki mara mbili, kwenye kompyuta na kwenye programu ya hedifoni, maana sauti itapita masikio mawili ya kigeni kabla ya kufika kwako. Windows 10 ina Windows Sonic bure tangu 2017, anza na hiyo. Programu ikikupa vichwa tofauti vya kuchagua, jaribu vyote, kisha baki na kimoja kwa siku kadhaa. Hela ya hedifoni mpya iache kwanza mfukoni.