Semina Inamlinda Nani?

Wasee, ile semina anayopelekwa bosi akishalalamikiwa kunyanyasa wafanyakazi kingono, mnajua ilipata nguvu wapi? Marekani, 1998. Beth Ann Faragher, aliyekuwa mlinzi wa waogeleaji kule Boca Raton, Florida, alishtaki jiji kwa matendo ya mabosi wake, akashinda Mahakama ya Juu. Lakini uamuzi huohuo uliwapa waajiri ngao: wakionyesha walijitahidi kuzuia na kurekebisha, na mfanyakazi hakutumia njia ya kulalamika iliyowekwa, wanaweza kujitetea. Kampuni zikakimbilia semina.

Kwetu Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mwajiri wa watu 20 au zaidi awe na sera, na iseme mnyanyasaji atachukuliwa hatua za nidhamu. Kwa hivyo mkiambiwa "ameshaenda semina," ulizeni: na nidhamu je?