Kuua wadudu si kipimo pekee cha dawa ya mpunga

Kupima dawa ya wadudu katika shamba la mpunga lililojaa maji ni kazi ngumu kuliko kuipima katika shamba la mahindi. Maji hayatulii mahali pamoja. Dawa iliyotiwa katika jaruba moja huweza kuvuka hadi jaruba jirani, na hapo mtafiti hawezi tena kujua ni kipi hasa kilichowaua wadudu.

Kwa sababu hiyo, kila jaruba la majaribio huzungushiwa tuta imara, na maji yake huingizwa na kutolewa bila kupitia majaruba mengine. Dawa mpya, dawa iliyozoeleka na jaruba lisilotiwa dawa yoyote hupangwa kwa kura. Mpangilio huo hurudiwa mara kadhaa shambani ili tofauti za rutuba au za kina cha maji zisipotoshe matokeo.

Dawa ya chembechembe hutiwa majini ili inyonywe na mizizi, na maji hufungiwa jarubani kwa siku kadhaa. Dawa ya kunyunyiza hulengwa shinani, karibu na uso wa maji, ambako wadudu wengi hujificha.

Wadudu huhesabiwa kabla ya dawa kutiwa, kisha tena baada ya siku moja, siku tatu, wiki moja na hata wiki mbili. Kwa kuwa funza wa shina huishi ndani ya bua, huhesabiwa kwa dalili zake: jani la katikati la mche hukauka, na mmea uliokomaa hutoa suke jeupe lisilo na punje. Hatimaye hupimwa mavuno ya sehemu ya kati ya kila jaruba.

Hata hivyo, wingi wa wadudu waliokufa katika siku za mwanzo huweza kuhadaa. Funzo hilo lilipatikana barani Asia kwa gharama kubwa.

Katika miaka ya sabini, watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga (IRRI), yenye makao yake Los Baños, Ufilipino, walishuhudia jambo la kushangaza. Mdudu mdogo wa kahawia afyonzaye utomvu wa mpunga, Nilaparvata lugens, aliongezeka katika mashamba yaliyonyunyiziwa dawa kuliko katika yale yasiyonyunyiziwa.

Sababu ilikuja kufahamika. Mdudu huyo hutaga mayai ndani ya tishu za mmea, ambako dawa haiyafikii. Buibui na wadudu wengine wanaomla, au wanaofyonza mayai yake, ndio waliokufa. Mayai yalipoanguliwa, hapakuwa na adui wa kuwazuia watoto wake. Aidha, baadhi ya dawa, zikitumiwa kwa kiasi kisichotosha kumuua, zilimfanya atage mayai mengi zaidi.

Indonesia, iliyokuwa imeanza kujitosheleza kwa mchele mwaka 1984, ilikumbwa na mlipuko wa mdudu huyo kisiwani Java muda mfupi baadaye. Mwezi Novemba 1986, Rais Suharto alipiga marufuku matumizi ya dawa 57 katika mpunga. Ruzuku ya dawa hizo iliondolewa kabisa mwaka 1989, na mavuno ya nchi hayakuporomoka.

Tangu hapo, jaribio linaloaminika huhesabu pia buibui, kerengende na wadudu wengine wenye manufaa, na huendelea hadi wakati wa mavuno.

Nchini Kenya, sheria iliyopitishwa mwaka 1982 inataka dawa isajiliwe na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuangamiza Wadudu (PCPB) kabla ya kuuzwa, na kupimwa kwake hapa nchini ni sehemu ya usajili. Jambo hilo ni muhimu kwani maadui wa mpunga hutofautiana. Virusi vinavyogeuza majani kuwa ya manjano yenye mabaka, ambavyo viliripotiwa kwa mara ya kwanza karibu na Kisumu mwaka 1966, huenezwa na mbawakawa. Mbawakawa wachache waliosalia huweza kuendelea kuvisambaza, hata dawa ikisifiwa kwa kuua wengi.

Vivyo hivyo, maji yatokayo majarubani hayaishii shambani. Samaki, bata na watu walio chini ya mfereji huyapokea. Dawa inayookoa mpunga na kuyatia sumu maji hayo haijafaulu jaribio.