Ile Sarafu ya Kibaki Haitakufanya Milionea

Wasee, kabla mtume pesa kwa mtu, nisikizeni. Ile sarafu ya shilingi 40 yenye picha ya Kibaki hainunuliwi milioni. Najua juu nilikuwa nayo, na niliamini.

Nilipoacha chuo karo iliponishinda, nilirudi kwa Dani hapa Awasi. Dani ana mkebe wa majani chai umejaa sarafu. Siku moja nikaona video: tunanunua pesa za zamani, bei safi. Nikatuma picha. Jamaa akasema ya Kibaki pekee inanitosha kurudi chuo, ila kwanza nilipe 1,500 za usajili. Dani akauza kuku wawili na kuongezea akiba yake. Nikatuma. Simu ya jamaa haijawahi kushika tena.

Nikabaki na mkebe. Kwa hasira nikaumwaga kwa meza, nikaanza kusoma miaka.

Chini kabisa kulikuwa na otonglo, senti 10 yenye tundu katikati, ya enzi za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Wakati huo Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia shilingi moja. Kisha Benki Kuu ya Kenya ikaanzishwa 1966, na sarafu zetu wenyewe zenye mwaka huo zina uso wa Mzee Kenyatta. Kuanzia 1980, uso ni wa Moi. Ya shilingi 5 ya 1985 ina pembe saba. Halafu zikaja za rangi mbili: ashu 1994, kobole 1995, mbao 1998.

2003 ndio ikatoka ile ya 40, kuadhimisha miaka 40 ya uhuru. 2005 Kenyatta akarudi. Unaona mchezo? Ukipanga sarafu kwa mwaka, unapanga serikali. Ndiyo maana Katiba ya 2010, kifungu cha 231, ilikataa picha ya mtu yeyote kwa pesa yetu. Tarehe 11 Desemba 2018 wanyama wakachukua kiti: twiga kwa bob moja, kifaru kwa 5, simba kwa 10, ndovu kwa 20.

Sasa bei. Umri peke yake si bei. Wakusanyaji huuliza mambo matatu: zilitengenezwa ngapi, hii imechakaa kiasi gani, na nani anaitaka. Ya Kibaki ilitolewa itumike dukani kama pesa nyingine yoyote, lakini watu wengi wakaiweka kama ukumbusho. Kitu kila nyumba imekificha hakiwezi kuwa adimu. Inayotafutwa kweli ni ile ya shilingi 5 ya 1973, ya miaka 10 ya uhuru, yenye pembe tisa. Kwa mkebe wa Dani haimo. Nimeangalia mara nne.

Na hapa nilijiharibia mwenyewe: kabla ya kupiga zile picha nilizisugua zote kwa majivu na ndimu ziwake. Mkusanyaji akiona mikwaruzo ya kusuguliwa, bei inashuka hapo hapo. Usisafishe sarafu. Iache na uchafu wake.

Mnunuzi wa kweli hakuombi hela kwanza. Yeye ndiye anayekulipa. Hilo tu lingeniokoa.

Jioni nilimwonyesha Dani ile otonglo. Akaicheka, akaniambia mama yake alikuwa akizifunga kwa kamba akienda sokoni Ahero, kwa hivyo lile tundu lilikuwa na kazi. Kisha akaniambia ameona sumuni ikinunua kitu, na ameiona ikikataliwa. Hiyo sikuipata kwa video yoyote.

Sarafu ya 40 nimemrudishia mkebeni. Kuku wawili bado ananidai.