NENO LA SIRI: KUTOKA SHIARI YA BADR HADI WAIFAI YA MADRASA

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W), Mola wa walimwengu wote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W), Aali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo.



Huku kwetu, kuanzia Busia mpakani hadi Busitema na Tororo, liko swali moja ambalo vijana hutuletea sisi walimu karibu kila wiki: "Ustadhi, simu yangu inaingia kwenye waifai ya mahali fulani, lakini neno la siri nimelisahau. Naweza kulitoa humo ndani ya simu?" Jibu la ufundi ni fupi na nitalitoa hapo mbele, inshallah. Ila wengi wanaouliza hawajajiuliza kwa nini simu iwe na neno hilo ndani yake, na neno lenyewe ni la nani. Hapo inabidi turudi nyuma kidogo katika historia, tena tuanzie kwetu wenyewe.

Waandishi wa sira, akiwemo Ibn Hisham, wametaja kwamba Waislamu katika vita vya Badr, mwaka wa 2 Hijria (624), walikuwa na shiari. Nasema shiari, si shairi. Shiari ni neno la kutambuana: usiku au katika vumbi la vita, anayelitamka ni mwenzako, asiyelijua ni wa upande wa pili. Siku ya Badr neno lilikuwa "Ahad, Ahad". Siku ya Uhud likawa jingine, "Amit, Amit". Siku ya Khandaq likawa jingine tena, lenye kuanza kwa herufi Haa Miim. Tazameni jambo hili vizuri. Neno linajulikana na jeshi zima, mamia ya watu, kwa hiyo siri yake haiwezi kudumu. Vita vikipita, na neno limepita.

Na katika Khandaq hiyo hiyo, mwaka wa 5 Hijria (627), kuna kisa ambacho watoto wa madrasa hukipenda sana. Mtume (S.A.W) alimtuma Hudhayfa bin al-Yaman (R.A) usiku wa baridi na upepo aingie katika kambi ya maadui asikilize habari zao. Abu Sufyan, ambaye wakati huo hajasilimu, alihisi huenda kuna mgeni ndani, akaamrisha kila mtu amtazame aliye pembeni yake. Hudhayfa hakungoja kuulizwa. Alimshika mkono aliyekuwa ubavuni mwake akamwuliza yeye kwanza: wewe ni nani? Yule akajitaja jina, na Hudhayfa akasalimika. Wataalamu wa kompyuta wa leo wanaandika vitabu vizima juu ya tatizo hilo, la mgeni kujifanya ndiye mlinzi wa mlango.

Sasa wekeni shiari upande mmoja, upande wa pili wekeni ufunguo. Siku ya Fat'hi Makka, mwaka wa 8 Hijria (630), ufunguo wa Al-Kaaba ulikuwa mikononi mwa Uthman bin Talha. Mtume (S.A.W) aliuchukua, akaingia, na alipotoka wapo watu wa nyumbani kwake waliotamani wapewe wao heshima hiyo. Aliurudisha kwa Uthman. Wafasiri wengi wanaihusisha aya ya 58 ya Suratun Nisaa, ile ya kurudisha amana kwa wenyewe, na tukio hilo. Ufunguo uko katika ukoo wa Bani Shayba mpaka leo. Mshika ufunguo Sheikh Saleh Al-Shaibi alipofariki mwaka 2024, ulipita kwa jamaa yake wa ukoo huo huo. Karne kumi na nne, na mtu mmoja ndiye mwenye kuulizwa.

Basi fahamuni kwamba neno la siri la waifai ni shiari, wala si ufunguo. Sisi tunalitendea kama ufunguo, na hapo ndipo fujo nyingi majumbani na misikitini zinapoanzia.

Tuje kwenye mashine. Neno la siri katika kompyuta lilianza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika chuo cha MIT, Marekani, ambako Fernando Corbató na wenzake walitengeneza mfumo wa kuwawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kubwa kwa zamu. Kila mtu alipewa neno lake na saa zake. Mwanafunzi mmoja, Allan Scherr, alikuwa na saa nne kwa wiki na hazikumtosha. Mwaka 1962 aliingiza ombi kwa kadi iliyotobolewa, akaiamuru mashine ichapishe faili lenye maneno ya siri ya watu wote. Ikamchapishia. Alikiri mwenyewe miaka mingi baadaye. Kwa hiyo kijana wa Tororo anayetafuta neno lililohifadhiwa ili apate intaneti ya ziada hakubuni jambo jipya, ametanguliwa kwa miaka sitini na zaidi.

Baada ya hapo mafundi walijifunza kutolihifadhi neno lenyewe. Chuo cha Cambridge, Uingereza, walianza kulisaga katika miaka ya 1960, na mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson wakaeleza kwa maandishi namna ya kulisaga vizuri zaidi. Mfano wake ni mashine ya posho: ukiweka mahindi unapata unga, lakini unga haurudi kuwa mahindi. Benki yako au barua pepe yako huweka unga tu. Ukija na mahindi yako, wanayasaga, wanalinganisha unga na unga.

Mbona basi simu ina mahindi mazima? Kwa sababu simu si mlinzi wa mlango, simu ni mgeni anayebisha. Kila inapokaribia rauta inatakiwa ithibitishe kwamba inalijua neno. Hailitamki hewani, bali hulitumia kupiga hesabu ambayo asiyelijua hawezi kuipiga. Ikilitupa, kesho itabidi ikuulize upya. Ndiyo maana inalihifadhi, na kinachohifadhiwa kinaweza kutolewa.

Waifai yenyewe si ya zamani. Kiwango chake cha kwanza kilitoka mwaka 1997, jina la Wi-Fi likaja 1999. Kinga yake ya mwanzo iliitwa WEP, na mwaka 2001 wataalamu watatu, Fluhrer, Mantin na Shamir, walionyesha kwamba ina ufa mkubwa. Ikaja WPA mwaka 2003, WPA2 mwaka 2004, na WPA3 mwaka 2018. Kwetu huku katika miaka ile habari hizi zilikuwa mbali. Nyaya za baharini zilifika Mombasa mwaka 2009, na kabla ya hapo intaneti ilikuwa ya setilaiti, unakaa kibandani unalipia dakika, ukurasa mmoja unafunguka huku umesoma nyiradi zako zote za asubuhi.

Simu za Android za mwanzo zililiweka neno ndani ya faili lililofichwa, asilione mtu ila aliyeivunja simu mpaka kwenye mizizi ya mfumo wake. Mwaka 2019 ilipotoka Android 10, mlango ukafunguliwa rasmi. Unaingia Mipangilio, kisha Mtandao na intaneti, kisha Intaneti. Unaugusa mtandao uliounganishwa nao, unachagua Shiriki. Simu inataka alama ya kidole au namba yako ya kufungulia, halafu inaonyesha mchoro wa QR, na katika simu nyingi neno la siri limeandikwa chini yake. Majina ya hatua hutofautiana kidogo kati ya kampuni na kampuni. Ikiwa simu yako inaonyesha mchoro bila maandishi, upige picha ya skrini uisomeshe kwa programu ya kusoma QR. Neno ni lile linalofuata herufi P na nukta mbili. Kwenye iPhone jambo hili liliwezekana kuanzia iOS 16, mwaka 2022. Simu ikiwa ya zamani zaidi, tazama kibandiko mgongoni mwa rauta. Kama neno la kibandiko lilishabadilishwa, kuna kitufe kidogo cha kuirudisha rauta kama ilivyotoka dukani, na hapo kila mtu ataanza upya.

Faida yake ni kubwa, wala tusiikatae. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Katika kipindi kile madrasa na familia nyingi zilinunua vifaa vya intaneti ili watoto wasome. Mara nyingi aliyekifunga kifaa na kuweka neno alikuwa kijana mmoja mwenye ujuzi, na huyo akiondoka kwenda chuoni Kampala au kutafuta riziki Ghuba, kifaa kinabaki kama kisima kilichofunikwa. Simu moja ya mama mmoja ikiwa bado imeunganishwa, neno linapatikana humo kwa dakika moja.

Lakini mlango huo huo unampitisha na mwingine. Zamani ukimwandikia mgeni neno kwenye simu yake, alitumia yeye. Leo ukimpa mmoja umewapa wote atakaowaonyesha ule mchoro, na yeye hana haja hata ya kulijua neno. Na bando ni pesa: tangu Julai 2021 serikali ya Uganda iliweka kodi ya asilimia 12 juu yake. Jioni moja ya vijana kumi wanaotazama mpira nje ya ukuta wa madrasa inatosha kumaliza bando ambalo wazazi wa watoto yatima wamechangiwa kwa mwezi mzima. Nimewahi kuona ukuta huo.

Je, inajuzu? Mafaqihi wetu wa madhehebu ya Imam Shafi (R.A) walijadili mas-ala ya karibu sana na hili, nayo ni ya mgeni mezani. Ukialikwa walima ukawekewa sahani ya pilau, umeruhusiwa kula. Hukumilikishwa pilau. Kwa hiyo huna ruhusa ya kumpa ombaomba aliye mlangoni, wala paka, mpaka ujue kwamba mwenye nyumba yu radhi. Pilau imetoka, wewe umeruhusiwa, na bado mkono wako una mpaka. Aliyepewa waifai msikitini au kwa jirani yuko katika sahani hiyo hiyo. Kulitoa neno katika simu yako ili uingize kompyuta yako mwenyewe, pale ambapo mwenye nyumba amekuruhusu, ni kula. Kumwonyesha rafiki mchoro ni kugawa, na kugawa kunataka kuuliza kwanza. Mwenye nyumba akisema hapana, Suratun Nur aya ya 27 na 28 zimeshatufundisha la kufanya tunapoambiwa turudi.

Vyuo vikuu vilitatua tatizo hili kwa kuacha shiari na kurudi kwenye ufunguo. Liko wazo lililozaliwa Uholanzi mwaka 2002, linaitwa eduroam, ambalo nchini Uganda linapatikana kupitia mtandao wa vyuo wa RENU. Kila mwanafunzi ana jina lake na neno lake, na mwenye nalo akifika chuo kingine, awe Kampala au Nairobi, simu hushika yenyewe. Akiligawa, amejigawa mwenyewe, kwani jina lake ndilo linaloonekana. Wanafunzi wetu wanaotarajia kujiunga na Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007, na wayajue hayo mapema.

Madrasa haina uwezo wa mitambo hiyo, basi na ifuate sunna ya shiari: neno libadilishwe kila muhula, na litolewe na mtu mmoja anayejulikana. Rauta nyingi zina nafasi ya mtandao wa pili kwa wageni wenye neno lao, ili watakaokuja kwa harusi au darsa ya Ramadhani wasichanganyike na kompyuta ya mwalimu. Kulibadilisha hakuchukui robo saa, isipokuwa kila simu ya nyumbani italalamika siku hiyo.

Na wale wanaouza simu zao kuukuu pale Busia, upande huu au ule wa Kenya: simu hiyo imebeba maneno ya kila nyumba uliyowahi kuingia, ya shangazi, ya msikiti, ya ofisini kwa baba. Futeni kila kitu kwa kuirudisha kama mpya kabla haijashikwa na mnunuzi. Kutoa laini na kadi ya picha peke yake hakutoshi, kwa sababu maneno hayo hayakai kwenye laini.

Wabillahi Tawfiq.