Nani Alikesha na Mzazi?

Zipo familia za Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa ambazo siku hizi, mtoto akishazaliwa, hutafuta mwanamke wa kukesha naye kwa malipo. Huingia jioni, humpokea kichanga akishanyonya, humcheulisha, humbadilisha nepi, humbembeleza, humrudisha kwa mama titi linapotakiwa, na kukipambazuka akaenda zake. Wengi hulitazama jambo hili kwa jicho baya. Husema ni ugeni ulioletwa na filamu na simu, kwamba zamani mzazi alilelewa na mama yake, shangazi zake na majirani, na hakuna aliyedai hata senti. Lawama hiyo inauma kwa sababu inasemwa kwa jina la mababu, na mwanamke aliyejifungua juzi hana nguvu ya kubishana na mababu. Lakini mababu wenyewe, tukiwauliza vizuri, wanatoa ushahidi mwingine. Katika pwani yetu usiku wa kichanga umekuwa kazi ya mtu tangu zamani, na katika nyumba zenye uwezo mtu huyo mara nyingi hakuwa bibi wala shangazi. Alikuwa mjakazi. Tulichokirithi kutoka kwake ni mazoea ya kuupata usiku wake bure, na mazoea hayo ndiyo tunayoyaita mila.

Tuanze na kazi yenyewe, maana anayeiona nyepesi hatauona uzito wa historia yake. Kichanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, na hajui usiku wala mchana. Mama yake, kwa desturi ya pwani, hukaa ndani siku 40. Hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa mkaja tumboni, hufukizwa, hupikiwa uji wa pilipili manga na supu, wala hagusi ufagio. Mtoto naye huogeshwa, hupakwa mafuta, hukandwa viungo, na haachwi peke yake chumbani. Sasa yarudishe mambo hayo katika nyumba ya Unguja au Lamu ya miaka ya 1850: maji yanatekwa kisimani na kubebwa kichwani, kuni zinatoka shamba, nafaka inatwangwa kinuni. Ili mwanamke mmoja alale ndani siku 40, ilibidi wengine kadhaa wasilale. Busara ya desturi hiyo siipingi hata kidogo. Shirika la Afya Duniani nalo linataka mama na mtoto wafuatiliwe hadi wiki ya 6, muda unaokaribia sana arobaini ya bibi zetu. Ninachouliza ni nani waliokosa usingizi ili desturi isimame.

Shahidi wa kwanza ni Sayyida Salme, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844, binti wa Sultani Sayyid Said na suria wa Kicherkesi aliyeitwa Jilfidan. Baadaye aliolewa na Mjerumani, akajulikana kwa jina la Emily Ruete, na mwaka 1886 kumbukumbu zake zikachapishwa Berlin. Ndani yake mna sura nzima juu ya kuzaliwa na miaka ya kwanza ya watoto wa jumba la sultani. Anaeleza jinsi kichanga alivyofungwa vitambaa mwilini kwa siku 40 ili viungo vinyooke, na jinsi alivyonyolewa nywele ikifika arobaini. Kuna walezi wa Kiafrika, watumwa, waliowalea watoto hao na kuwasimulia hadithi za wanyama wakali na wachawi. Salme aliwapenda walezi wake, na sina sababu ya kuyatilia shaka mapenzi yake. Ila kitabu hichohicho kinautetea utumwa wa Zanzibar mbele ya wasomaji wa Ulaya, na hilo linatuonyesha namna ya kumsoma. Mtoto aliyebembelezwa hukumbuka sauti ya mlezi; hakumbuki mlezi alilala saa ngapi. Tena mnyonyeshaji hawi na maziwa bila kuzaa. Nyuma ya kila mtoto wa kiungwana aliyenyonyeshwa na mjakazi palikuwa na mtoto wa pili aliyegawana naye titi, au aliyelikosa.

Jumba la sultani halikuwa nyumba ya kila mtu, na msomaji anaweza kusema nimechagua shahidi anayenifaa. Basi tushuke mitaani. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake yalitolewa na Carl Velten mwaka 1903 katika kitabu Desturi za Wasuaheli, aliandika habari za watu wa miji ya pwani, mbali na ikulu. Anaeleza uzazi na malezi. Anaeleza pia watumwa, daraja zao na adabu waliyotakiwa kuionyesha kwa mabwana. Kitabuni habari hizo zimepewa sura mbalimbali, lakini katika maisha zilikuwa chini ya paa moja. Miaka ya 1970 zilikusanywa Mombasa simulizi za maisha ya wanawake watatu, ambazo Sarah Mirza na Margaret Strobel walizichapisha mwaka 1989. Mmoja wa wanawake hao, Bi Kaje wa Mwenye Matano, alitoka katika ukoo wa wenyeji uliokuwa na watumwa. Mwingine, Mishi wa Abdala, alikuwa kungwi, naye asili yake ni ya watumwa. Ukiwasoma pamoja unaona jambo ambalo hakuna mmoja wao peke yake angelionyesha: elimu ya mwili wa mwanamke, iliyothaminiwa na mji mzima, ilishikwa kwa sehemu kubwa na wanawake ambao mji haukuwahesabu kuwa waungwana.

Wapo watakaojibu kwamba hata kama kazi ilifanywa na watumwa, kuilipa kungekuwa aibu, kwa kuwa malezi ni mapenzi na mapenzi hayanunuliwi. Hoja hii naiheshimu, kwa sababu anayeisema huwa anamtetea mtoto. Lakini sheria ambayo Waislamu wa pwani wameishi nayo kwa karne nyingi haiko upande wake. Qurani, katika Suratul Baqara aya ya 233, inaruhusu mtoto anyonyeshwe na mwanamke mwingine mradi malipo yatolewe kwa wema. Na katika Suratut Talaq aya ya 6, mama aliyeachwa anayemnyonyesha mtoto wa aliyekuwa mumewe anastahili ujira. Sheria hiyohiyo humfanya mnyonyeshaji kuwa mama wa mtoto kwa kunyonya, hata ndoa kati ya mtoto huyo na watoto wake ikawa haramu. Ujira na undugu vimewekwa mahali pamoja, na kimoja hakikichafui kingine. Kisha tazama ndoa za Waswahili. Pamoja na kilemba cha baba, upande wa bwana harusi humpa mama wa bibi harusi mkaja na ubeleko: mkaja kwa tumbo lililofungwa baada ya uzazi, ubeleko kwa mgongo uliombeba mtoto. Deni la usiku ule huchelewa miaka 20 au zaidi, lakini hulipwa, tena mbele ya watu. Jamii iliyoweza kulikumbuka deni la nguo ya kubebea mtoto muda wote huo haikuwa na haya ya kulipia malezi. Aliyeachwa nje ya hesabu ni mmoja tu, yule ambaye yeye mwenyewe alihesabiwa kuwa mali.

Ndiyo maana kukoma kwa utumwa kuligusa pia chumba cha mzazi, ingawa historia tunazosomeshwa huzungumzia zaidi karafuu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Amri ya mwaka 1897 iliiondolea hali ya utumwa nguvu ya kisheria, lakini ilimtaka mtumwa mwenyewe aende kudai uhuru wake, na masuria waliachwa nje hadi mwaka 1909. Pwani ya Kenya ilifuata mwaka 1907, Tanganyika mwaka 1922. Tazama nani aliyecheleweshwa Unguja: mwanamke wa ndani. Serikali ya kikoloni ilijishughulisha sana na nani atachuma karafuu na kwa ujira gani, ila nani atakesha na mtoto lilibaki jambo la nyumba. Katika nyumba za Wazungu wa Tanganyika kazi nyingi za ndani zilifanywa na wanaume, na kwa kuwa walikuwa waajiriwa, habari zao zimo katika kumbukumbu. Mwanamke aliyebaki katika nyumba ya bwana wake wa zamani, sasa akiitwa mtu wa nyumbani, hakuandikwa popote. Baada ya uhuru, wanawake wa mijini walipozidi kuingia maofisini na viwandani, nafasi yake ilijazwa na wasichana waliotoka bara. Dar es Salaam ilizoea kuwapata kutoka Iringa, Singida na Dodoma. Wengi walichukuliwa kwa jina la undugu, wakalishwa na kuvishwa, wakaahidiwa shule au cherehani. Undugu wa namna hiyo ulikuwa na faida kubwa kwa mwenye nyumba: ndugu hadai mshahara.

Wakati huohuo serikali iliuchukua uzazi na kuuacha usiku unaofuata. Pumwani, hospitali ya uzazi ya Nairobi, ina asili yake katika miaka ya 1920. Tanzania Bara na Zanzibar kwa pamoja, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 63 ya watoto wamezaliwa katika vituo vya afya. Ule wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 81. Hayo ni mafanikio makubwa, na yameokoa maisha. Lakini mama hurudishwa nyumbani baada ya siku moja au mbili, na kuanzia hapo kukesha ni juu ya atakayepatikana.

Lipo pingamizi moja ambalo siwezi kulipita haraka. Watu wengi wa pwani, na karibu wote wa vijijini, hawakuwa na mtumwa hata mmoja. Mvuvi wa Makunduchi na mkulima wa Rufiji walizaa na kulea, na wake zao walisaidiwa kweli na mama zao na majirani. Waandishi wa zamani waliwaandika wenye nyumba kubwa, kwa hiyo ushahidi wangu umeelemea huko. Nakubali. Hata hivyo msaada ule wa majirani ulikuwa na kanuni zake. Aliyekesha kwako mwaka huu, ulikesha kwake mwaka unaofuata, na asiyerudisha alijulikana. Ulikuwa malipo ya usiku kwa usiku, na ulitegemea watu kukaa mahali pamoja miaka mingi. Leo mama wa mzazi yuko Songea na duka lake, jirani ni mpangaji atakayehama mwezi ujao, na shangazi ana zamu hospitalini. Anayemlipa mkeshaji leo analipa deni lilelile ambalo bibi yake alilirudisha kwa kukesha. Anayemlaumu angekuwa na haki kama angekuwa tayari kwenda kulala pale mwenyewe.

Wenye kuhofia kumkabidhi mgeni kichanga wana sababu, na dawa ya hofu hiyo ni kumchagua mkeshaji kwa uangalifu na kumpa nafasi ya kulala mchana. Mtu aliyechoka ni hatari kwa mtoto, awe ndugu au mgeni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara, ya mwaka 2004, imekwisha kuutambua uchovu huo kwa mama mwenye ajira. Inampa likizo ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na inakataza kumpangia kazi ya usiku katika miezi 2 baada ya kujifungua. Baba hupewa siku 3, ambazo kwa kweli hazitoshi hata kujifunza kumshika mtoto shingo. Kwa mwajiriwa yeyote, sheria inahesabu usiku kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kila saa ya kazi katika muda huo ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Mapumziko kati ya siku moja ya kazi na nyingine ni saa 12 mfululizo. Kwa anayeishi palepale kazini yanaweza kupunguzwa hadi 8, kwa makubaliano ya maandishi. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilipotoa ripoti juu ya Watanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu, likieleza siku za kazi zisizo na mwisho, mishahara iliyozuiliwa na pasipoti zilizochukuliwa, wengi wetu tulikasirika kwa haki. Hasira hiyo inatakiwa pia Kinondoni na Nyali. Dada anayelala sakafuni kando ya kitanda cha mtoto, akaamshwa saa 7 na saa 10 usiku, kisha akaanza kufua saa 12 asubuhi, yuko kazini tangu jana, na nyongeza ile ni haki yake.