Jina kwa herufi nene, pesa kwa herufi ndogo (uzi)

1/ Kila msimu wa kura tunabishana humu: mbona mabango yana jina na picha tu, sera hakuna? Wengine wanalaumu wapiga kura. Mimi ni mtu wa Golbanti, na nimechora mabango kadhaa pale Garsen kutafuta unga. Niskizeni kidogo. Kosa lingine liko kwa herufi zenyewe.

2/ Kabla ya karne ya 19, herufi za chapa zilitengenezwa hasa kwa vitabu. Biashara na bahati nasibu zilipochangamka London, wachapaji wakataka herufi za kupiga kelele ukutani. Robert Thorne alikuwa kati ya wa kwanza kuuza zile nene kupindukia.

3/ Lakini herufi kubwa ya risasi ni nzito na ni ghali. Mwaka 1827, New York, Darius Wells akapata njia ya kuchonga herufi za mbao kwa mashine, kwa wingi. Hapo mambo yakafunguka: sarakasi, mnada, mgombea, wote wakavaa nguo moja.

4/ Sasa hapa ndipo penyewe. Unene unafanya herufi ionekane toka mbali. Ila ukiinenepesha bila kuipanua, matundu ya A, B na R yanaziba. Kwa hivyo unaipanua. Na upana unakula nafasi, jamani! Jina la herufi nane linamaliza bango. Mteja ananiambia, "Weka na maji, weka na barabara." Namuuliza, niweke wapi? Anafikiri kidogo, kisha anasema niongeze jina.

5/ Alama siwezi kuzilaumu. Kura ya maoni ya 2005 ilikuwa ndizi na chungwa, ya 2010 kijani na nyekundu. Asiyejua kusoma alipiga kura yake bila kushikwa mkono. Hiyo ni haki. Lakini ndizi haikumwambia mtu ibara ya ardhi inasema nini.

6/ Na ardhi ndiyo maisha yetu huku Delta, mfugaji na mkulima. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka wanajamii waitwe kwa tangazo la gazeti na la redio. Ushawahi kuona tangazo hilo gazetini? Herufi kama chawa. Na mto ukifurika, gazeti lenyewe halifiki.

7/ Juzi nilisimama na mzee mmoja mbele ya kibao cha mradi, njia ya kwetu. Jina la mkubwa lilisomeka ukiwa bado kwa bodaboda. Mzee akaniambia, "Mwanangu, hizo kubwa nishazijua. Nisomee zile ndogo za chini."

8/ Nikainama. Zilikuwa kiasi cha pesa na tarehe ya kumaliza kazi. Jua lilikuwa limeshazifuta. Lile jina bado jeusi tititi.