Fundi wa Umeme na Mtu wa Kumpima

Watu wengi wa Kyela, tangu nguzo za umeme zilipoanza kuingia vijijini, huuliza neno hili: Kijana aliyekaa na fundi wake miaka miwili au mitatu, akavuta waya katika nyumba nyingi na taa zote zikawaka, kwa nini apelekwe tena mbele ya watu asiowajua wamwangalie mikono? Je, fundi aliyemfundisha si shahidi wa kutosha? Swali hili si la kipuuzi. Nasi twapenda kulijibu kwa kutazama kwanza habari za zamani za ufundi katika pwani hii ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, maana hapo ndipo tutakapoona jinsi ufundi wa umeme ulivyoachana na ndugu zake.

Ufundi si kitu kigeni kwetu. Joseph Thomson alipopita hapa mwaka 1879 alizistaajabia nyumba za Wanyakyusa, jinsi zilivyojengwa kwa mianzi na kupambwa kwa udongo. Mjenzi wa nyumba zile hakupewa cheti na mtu. Mtahini wake ilikuwa mvua ya Kyela, ambayo hupita milimeta 2000 kwa mwaka, nayo haikumpendelea mtu awaye yote. Paa likivuja, jirani wote waliona.

Vivyo hivyo na mashua. Mwaka 1875 wamisionari wa Kiskoti waliileta ziwani meli ndogo ya moshi iitwayo Ilala. Ililetwa vipande vipande, ikabebwa na mamia ya wapagazi kuyapita maporomoko ya mto Shire, kisha ikaungwa upya kwa misumari na skrubu. Waliounga walijua ya kuwa kazi yao itahukumiwa siku ile ile itakapoguswa na maji. Hata mwaka 1891, Wamoraviani walipojenga Rungwe, na wenzao wa Misioni ya Berlin chini ya Merensky walipoanza kazi yao katika nchi ya Konde, walihitaji mafundi wa matofali na maseremala. Na tofali bovu huyeyuka masika, na mlango uliopinda haufungiki. Kwa kazi za namna hii neno la mwalimu mmoja lilitosha, kwa sababu kila mwenye macho aliweza kulisahihisha.

Basi umeme wenyewe ulifika karibu nasi mapema kuliko wengi wanavyodhani. Huko Khondowe, juu ya mlima unaolitazama ziwa, katika nchi ambayo leo ni Malawi, Dk. Robert Laws alianza mwaka 1894 chuo cha Livingstonia, na mwaka 1905 taa za umeme ziliwaka huko kwa nguvu ya maji ya mlimani. Mji wa Dar es Salaam ulianza kupata umeme mwaka 1908, wakati wa Wadachi. Watu wa ziwani wasione haya, basi, wakiambiwa ya kuwa nuru ilianzia pwani ya bahari! Chuoni humo vijana walifundishwa useremala, uashi, uchapaji na kazi nyingine, na wengi walipomaliza walikwenda mbali kutafuta mshahara: Blantyre, Rhodesia, hata Katanga. Tajiri wa Katanga hakumjua mwalimu wa Khondowe. Alilijua jina la chuo tu, na jina la chuo halikumwambia ni kijana yupi kati ya wawili aliyekuwa stadi.

Hapo ndipo shida ilipozaliwa, na kwa umeme ikazidi. Twaomba msomaji atusikilize vema hapa, maana hili ndilo shina la maneno yetu.

Kosa la umeme halionekani. Chukua taa moja ya chumbani. Swichi yapasa kuukata waya wa moto, yaani ule uletao nguvu. Lakini fundi asiyejua, au mwenye haraka, aweza kuiweka swichi katika waya wa kurudi, ule wa nyutro. Mwenye nyumba akibonyeza, taa yawaka. Akibonyeza tena, taa yazimika. Ataridhika na kulipa. Lakini taa ikiwa imezimwa, kishikizo chake bado kina moto, na siku atakapopanda kitini kubadili balbu, akidhani ya kuwa amezima, ataupata. Tena chukua waya wa ardhi, ambao kazi yake ni kuupeleka umeme uliopotea njia hadi kwenye fimbo iliyopigwa udongoni, ili fyuzi ikatike upesi au swichi ya usalama ijizime. Ukikosekana waya huo, pasi itapata moto, redio italia, jokofu litagandisha, wala hakuna kitu kitakachoonyesha upungufu. Huonekana siku moja tu, siku waya wa ndani utakapochubuka na kuligusa bati la chombo, na mtoto atokaye kuoga akalishika kwa mkono wenye maji.

Ndiyo maana husema kwamba taa kuwaka si ushahidi. Seremala hupimwa na kila mtu aketiye katika kiti chake. Fundi wa umeme hana mpimaji ila yule ajuaye mahali pa kutazama.

Na kwa nini mpimaji huyo asiwe mwalimu wake? Sisi tulio walimu twajijua. Mwanafunzi uliyemfundisha miaka mitatu, uliyemwona akija kwa miguu alfajiri, aliyekubebea ngazi na vyombo, ukimwangalia katika jaribio la mwisho huoni kosa lake peke yake, waona na bidii yake. Mkono ukisita, waukumbuka ulipofanya sawa juzi, nawe wamalizia kwa moyo kile asichokimaliza kwa koleo. Tena sifa yake ni sifa yako: akianguka, watu watauliza ni nani aliyemfundisha. Hatusemi walimu si waaminifu. Twasema ni vigumu kwa mtu kuwa mlezi na hakimu wa kesi ile ile. Mtahini mgeni haijui historia ya kijana. Aona waya tu.

Waingereza waliliona jambo hili zamani. Mwaka 1878 ilianzishwa London jamii ya City and Guilds, ambayo mitihani yake ya ufundi ilifanywa na watu wa vyuo vingi, ili cheti kisiwe na uzito wa mwalimu mmoja tu. Siku hizi fundi wa umeme wa huko, akimaliza mafunzo yote, hufanya jaribio la vitendo la siku mbili na zaidi katika kituo cha majaribio. Hukata umeme kwa utaratibu, huijaribu testa yake kwanza mahali penye moto, kisha kwenye waya uliokatwa, kisha tena penye moto, kuhakikisha ya kuwa testa yenyewe haikufa katikati. Hufunga mabomba, soketi na mitambo. Hupima kazi yake mwenyewe. Mwisho hupewa kazi ya wengine iliyotiwa makosa kwa makusudi, ayatafute. Hili la mwisho latupendeza kuliko yote, kwa kuwa mtu aweza kukariri jinsi ya kufunga, lakini hawezi kukariri kosa asilolijua.

Katika nchi yetu, Sheria ya Umeme ilitungwa mwaka 1931, mwaka ule ule kazi ya umeme ilipokabidhiwa makampuni mawili, ambayo baadaye yaliungana kuwa shirika moja la TANESCO. Shule za ufundi za Ifunda na Moshi zilifuata katika miaka ya 1950. Kwa miaka mingi mafundi walipimwa kwa majaribio ya madaraja matatu, la tatu likiwa la chini na la kwanza la juu, na wazee wengi wa kazi hii hata leo hujitaja kwa daraja lao kama askari atajavyo cheo chake. Sheria ya mafunzo ya ufundi ilikuja mwaka 1974, nayo VETA ikawekwa kwa sheria ya mwaka 1994. Na leseni za kufunga umeme majumbani sasa hutolewa na EWURA, chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 iliyoiondoa ile ya zamani.

Walakini yako malalamiko, na mengine ni ya haki. Kutoka Kyela hadi Mbeya ni zaidi ya kilometa 100, na nauli, chakula na ada ni mzigo kwa kijana ambaye baba yake aishi kwa mpunga na kakao. Tena jaribio likifanywa katika karakana kavu, yenye sakafu ya saruji, halifanani na nyumba ya bondeni kwetu, ambako Kiwira, Mbaka na Lufilyo hufurika na maji huja hadi kizingitini. Twaona ingefaa watahini wayafuate majaribio hadi huku, wakamwulize kijana ni wapi atakapoiweka soketi katika nyumba ambayo maji huiingia. Kwa upande wa wale waliojifunza kwa kufuatana na fundi mtaani, bila kuingia chuo, upo mpango wa VETA wa kuurasimisha ujuzi wao kwa kuwapima kazini. Nao huonyesha wazi ya kuwa jaribio si adui wa fundi wa mtaani. Kwake hilo ni heri, kwa sababu mtu asiye na chuo cha kumtaja hana njia nyingine ya kujulisha uwezo wake ila mikono yake mbele ya shahidi asiye ndugu.

Na mwenye nyumba naye ana sehemu yake. Kabla ya umeme kuunganishwa, fomu ya kazi ya waya hupelekwa TANESCO ikiwa na sahihi ya fundi mwenye leseni. Twasikia wako watu wanaoazima sahihi: mmoja afanya kazi, mwingine apiga mhuri akiwa mjini, bila kuiona nyumba. Mwenye kukubali hivyo ametupa jaribio lote. Aiulize leseni, amtazame mwenye jina hilo usoni, kisha amwombe apime waya mbele yake kwa mashine ya volti 500, kabla nguvu haijaingia. Kipimo kikishuka chini ya megaomu 1, waya umechubuka au una unyevu mahali fulani. Kazi hiyo ni ya dakika chache tu, na mwenye nyumba ana haki ya kusimama hapo akiitazama sindano.